Jino moja, madaktari watatu, majibu matatu: kung'oa, kuziba au kuvisha kofia?

#1 GegoLaKushoto
Wakuu, salaam. Nina gego la chini kushoto, la pili kutoka mwisho. Lilizibwa miaka mingi nyuma, kile kizibo cheusi. Mwezi uliopita nikiwa natafuna likalia "ka!", ulimi ukaenda kukagua, ukakuta ukingo mmoja haupo. Toka siku hiyo maji baridi nayapitishia upande wa kulia.

Daktari wa kwanza aliangalia kwa kioo tu, akasema ling'olewe, halina maisha. Sikuridhika. Wa pili alipiga picha, akasema mzizi usafishwe, ujazwe, halafu livishwe kofia, yaani gamba gumu la kufunika jino lote. Wa tatu akashangaa: mbona kitu kidogo, tunatoa kizibo cha zamani tunaweka cha rangi ya jino, nusu saa umeondoka.

Wote watatu wana vyeti ukutani. Nani mkweli?

#2 KibogoyoMstaafu
Dawa ya jino ni kung'oa. Wahenga walishamaliza. Uzi ufungwe.

#3 mama_pacha
Wahenga hao hao walisema jino la pembe si dawa ya pengo, mzee. Mimi niling'oa gego la chini nikiwa binti, nikaona nimepona. Leo la nyuma yake limelala kama mlevi kwenye benchi, la juu limeshuka kujaza nafasi, na kila nikila nachokonoa pale katikati. Pengo halikai bure, majirani wanahamia.

#4 SindanoNaogopa
Naweka kambi hapa. Nina langu la miaka miwili sijaenda popote.

#5 HesabuMezani
Hakuna fumbo. Fuata pesa. Wa kwanza anataka mgonjwa atoke upesi aingie mwingine. Wa pili kaona kofia, yaani kurudi mara tatu na kulipa mara tatu. Wa tatu anakuvuta kwa rahisi, baada ya mwaka utarudi kwake na tatizo kubwa zaidi. Wote wanasoma mfuko wako, si jino lako.

#6 TabibuKinywa
Mkuu wa #5, punguza ukali kidogo. Nafanya kazi kwenye kiti cha meno, upande wa kushika mashine. Jino sijaliona kwa hiyo sitasema nani kakosea. Mleta uzi, nijibu haya. Baridi ikigusa, maumivu yanachukua muda gani kukata? Limewahi kukuamsha usiku bila kuguswa? Na ukiligonga na mpini wa kijiko, linauma kuliko jirani yake?

#7 GegoLaKushoto
Wiki ya kwanza sekunde chache tu. Baadaye nikawa nashika shavu mpaka nasahau nilitaka kunywa nini. Usiku limeniamsha mara mbili. Kijiko sijajaribu, ngoja.

Nimejaribu. Asante sana kwa ushauri wako, machozi yamenitoka.

#8 TabibuKinywa
Pole. Ndani ya jino kuna kiini, yaani neva na mishipa ya damu ndani ya chumba chenye kuta ngumu. Kikichokozwa kidogo, baridi inauma na kukata hapo hapo. Ukitoa uozo na kuziba vizuri kinatulia. Kikivimba sana hakina pa kuvimbia. Ndipo maumivu yanapobaki dakika kadhaa, ya moto nayo yanauma, na ukilala yanapanda kwa sababu damu inajaa zaidi kichwani. Ukifika hapo, kuziba peke yake ni kufunga mlango wakati moto uko ndani. Zinabaki njia mbili, kusafisha mzizi au kung'oa.

Kwa hiyo "ziba tu" inaweza kuwa sahihi siku ya kwanza na kosa wiki tatu baadaye. Huenda hao watatu hawakupingana. Waliona jino lile lile katika siku tofauti.

#9 HesabuMezani
Maelezo matamu, ila hesabu haikai. Jino linazidi kuharibika kila wiki, sawa? Sasa aliyeliona MWISHO ndiye kasema kuziba tu. Yaani lilioza kwa wa kwanza likapona kwa wa tatu?

#10 mama_pacha
Hapo kakubana, tabibu.

#11 GegoLaKushoto
Ngoja niseme ukweli. Kabla ya kwenda kwa wa tatu nilikuwa nimekula dawa za maumivu siku nne, pamoja na amoksilini zilizobaki nyumbani. Siku ile lilikuwa limetulia kabisa. Aliponiuliza kama linauma nikasema kidogo tu.

#12 TabibuKinywa
Basi ulimfunga macho halafu ukamuuliza njia. Dawa ya maumivu uliyokula asubuhi inaficha kile anachokitafuta.

Na hizo amoksilini za mabaki acheni jamani. Antibiotiki haitulizi kiini kilichovimba. Kikishakufa, damu haifiki tena ndani ya mzizi, sasa dawa ipitie wapi? Itapunguza jipu lililo nje ya ncha ya mzizi, uchafu wa ndani unabaki pale pale unasubiri. Tena jino likinyamaza ghafla usishangilie. Mara nyingi limenyamaza kwa sababu kiini kimekufa.

#13 SindanoNaogopa
Langu lilinyamaza mwaka jana 😐

#14 NusuGanzi
Nawapa niliyoyaona mwenyewe kwenye kusafisha mzizi, maana watu wanatishana sana na hilo jambo. Kitu kibaya kuliko vyote ni sindano ya ganzi, nayo ni ya muda mfupi. Baada ya hapo wakanitandika kipande cha mpira wa kijani mdomoni, jino moja tu limechungulia kama kichwa cha kobe. Mpira ule unazuia mate yasiingie ndani ya mzizi, na vifaa visikuangukie kooni.

Daktari ana visindano vyembamba vyenye vishikio vya rangi. Cheupe, cha njano, chekundu, cha buluu, kila rangi na unene wake, na kila kimoja kina kipete cha mpira cha kupimia urefu. Kuna kamashine kanalia pi... pi... pi, ncha ikikaribia mwisho wa mzizi kanaharakisha. Anasugua, anasafisha na dawa yenye harufu ya ile ya kutolea madoa kwenye nguo nyeupe, anasugua tena. Mwisho akajaza vijiti vya rangi ya waridi, akasema vinatokana na utomvu wa mti. Niseme kweli, nilisinzia. Siku mbili zilizofuata ndizo zilinisumbua kidogo wakati wa kutafuna.

Kosa langu ni lililofuata. Jino haliumi, kofia ya nini? Mwaka haukuisha likapasuka katikati mpaka chini ya fizi. Hakuna cha kuokoa, likang'olewa. Nililipia kusafisha, nikalipia na kung'oa.

#15 KibogoyoMstaafu
Ungenisikiliza #2 ungelipia mara moja.

#16 Mchokoo
Jino likiuliwa mshipa linakauka kama kuni, ndiyo maana lilipasuka. Halafu mtu asikudanganye, gego la chini lina mizizi miwili, mifereji miwili ya neva ndani yake. Kukaa kitini saa mbili ni kukuongezea bili.

#17 TabibuKinywa
Yote mawili hapana. Halipasuki kwa kukauka. Linapasuka kwa sababu limetobolewa na kuta zimebaki nyembamba, na gego ndilo linalobeba uzito wa kutafuna. Jino la mbele lililosafishwa mzizi na bado zima linaweza kuzibwa tu likadumu bila kofia.

Mizizi miwili sawa, lakini mifereji ya gego la chini kwa kawaida ni mitatu, mara nyingine minne. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina wa nne uliojificha. Ukisahauliwa mmoja, jino lile lile linarudi na jipu. Saa mbili ni za kuutafuta huo.

#18 FundiWaKofia
Mimi ni yule msiyemwona, nakaa maabara natengeneza hizo kofia. Wengine wanaita krauni. Niongeze sababu ambayo hamjaitaja.

Kabla ya kuuliza kofia ya aina gani, uliza limebaki jino kiasi gani juu ya fizi. Kofia inataka jino zima kuzunguka pande zote, kama milimita 2 za kushika. Mleta uzi anasema ukingo umekatika. Ukiwa umekatika mpaka chini ya fizi, daktari aliyesema "ng'oa" hakuwa mvivu. Aliona kofia haina pa kukalia. Ukiwa umekatikia juu, huyo kakurupuka. Hapo kioo peke yake hakitoshi.

Kuhusu aina, kila mtu anataka nyeupe. Lingekuwa gego langu la nyuma, lisiloonekana hata nikicheka, ningevaa chuma tupu. Jino linasagwa kidogo tu, kofia haipasuki, na haili jino la juu. Kauri juu ya chuma ni nzuri, ila fizi ikishuka unaona mstari wa kijivu. Zirkonia, aina ya kauri nyeupe, ni ngumu mno. Ikirekebishwa mdomoni isipong'arishwa tena, inakuwa msasa kwa jino linalokutana nalo.

Na kofia haianzii kwangu. Daktari akiniletea chapa ya meno, yaani nakala ya umbo lake, yenye kiputo cha hewa pale kwenye ukingo, nitakisia. Utatembea na mwanya ambao vijidudu wanapishana kama abiria stendi. Chini ya kofia jino linaendelea kuoza kimya kimya. Kofia yenyewe haiozi, lililo chini yake ndilo linaoza.

#19 mama_pacha
Leo nimejua kuna fundi mahali anakisia meno yangu.

#20 FundiWaKofia
Nakisia kwa heshima, dada.

#21 Kijanikibichi
Hakuna aliyegusa hicho kizibo cheusi! Ni zebaki hiyo, na imepigwa marufuku dunia nzima. Mleta uzi, kitoe leo, na vingine vyote ulivyonavyo.

#22 TabibuKinywa
Si dunia nzima. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, ulizuia matumizi yake kuanzia tarehe 1 Januari 2025, isipokuwa pale daktari anapoona ni lazima. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, wa mwaka 2013, ulioanza kutumika 2017, ulianza kwa kuzitaka nchi zipunguze matumizi hatua kwa hatua, na sababu kubwa ni mazingira. Ni kweli karibu nusu ya uzito wa amalgamu, yaani hicho kizibo cheusi, ni zebaki, iliyochanganywa na fedha, bati na shaba. Lakini kizibo kizima, kisicho na mwanya, kukichimba kunatoa mvuke mwingi kuliko kukiacha. Cha mleta uzi kitatolewa kwa sababu jino limevunjika, si kwa sababu ni cheusi.

#23 KibogoyoMstaafu
Nilikuwa nacho kimoja miaka thelathini. Jino lilikwisha, kizibo kikabaki.

#24 NusuGanzi
😂😂 Mzee unastahili uzi wako peke yako.

Lakini hicho cha rangi ya jino nacho kina masharti yake. Wanapaka asidi, wanaosha, wanakausha, wanapaka gundi, wanajaza tabaka moja moja huku wanamulika ule mwanga wa buluu. Mate yakiingia katikati, gundi haishiki. Ndugu yangu chake kilidondoka wiki ya pili kwa sababu alikuwa anameza meza na kufunga mdomo.

#25 Mchokoo
Wakati mleta uzi anasubiri, pamba na mafuta ya karafuu. Yanatuliza kweli, hilo sitabishana na mtu.

#26 TabibuKinywa
Sikubishii. Yanatuliza kwa muda, lakini hayaponyi. Tone moja kwenye pamba, usipake fizi nzima, inaungua. Na mwambie daktari kama umeyatumia, kwa sababu yanazuia kile kizibo cha mwanga kisigande vizuri. Aspirini msiiweke kwenye fizi kabisa, nimeona vidonda.

#27 SkrubuYaTitani
Watu wazima tunazungumzia kofia na vizibo wakati kuna kipandikizi? Ng'oa, panda skrubu ya titani kwenye mfupa, valisha jino juu, sahau. Daktari Brånemark wa Sweden alimpandikizia mgonjwa wa kwanza mwaka 1965. Haiozi, haina neva, ni kama la kwako la kuzaliwa.

#28 FundiWaKofia
"Kama la kwako" hapana, mkuu. Jino la asili limening'inia kwenye nyuzi nyuzi kati yake na mfupa, ndizo zinazokuambia umetafuna jiwe kabla hujalivunja. Titani imeshikana na mfupa moja kwa moja, haina mto wa kupokea mshtuko. Ndiyo maana wateja wa vipandikizi wanarudi kwangu na kauri iliyomeguka na hawajui waliimegua lini.

#29 TabibuKinywa
Na haiozi, lakini fizi na mfupa unaoizunguka vinaweza kuugua mpaka ikalegea. Mvutaji sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wako kwenye hatari zaidi. Halafu hiyo "sahau" yako inachukua miezi mitatu mpaka sita mfupa ushikane, na ukiwa umepungua unaongezwa kwanza. Ni tiba nzuri sana ya pengo. Si sababu ya kutengeneza pengo.

#30 SkrubuYaTitani
Nina mbili, mwaka wa nane, hazijawahi kuniamsha usiku. Mleta uzi keshaamshwa mara mbili na hilo la asili.

#31 UziWaMeno
Daraja je? Mbona linaruka? Mimi nilishang'oa, nikafanyiwa daraja la meno matatu. Ndani ya wiki mbili tu nilikuwa natafuna. Shida ni moja, na nililia siku ile: yale mawili ya pembeni yalikuwa mazima kabisa, hayana hata doa, yakasagwa kuwa vigingi vya kushikilia la katikati. Na sasa kusafisha chini yake napenyeza uzi kwa kisindano maalumu cha plastiki kila usiku, ndiyo asili ya jina langu. Moja la pembeni likiharibika, daraja zima linaondoka.

#32 SindanoNaogopa
Kwa hiyo kuziba kunadondoka, kofia ina mwanya, daraja linakula majirani, skrubu haina mto. Narudi kambini kwangu.

#33 KibogoyoMstaafu
Njoo kwetu kwenye ya bandia, hakuna foleni. Nawapa siri moja tu. Kabla ya kuyaosha jaza beseni maji. Mimi yaliniteleza siku ya harusi ya kijana wangu, nikayaona yanagonga sinki, vipande viwili. Picha zote za harusi nimefumba mdomo, watu wanadhani sikumpenda mkwe.

Na usilale nayo. Fizi inataka kupumua. Mfupa nao unazidi kupungua mwaka hadi mwaka, meno yaliyokubana vizuri mwanzoni yanaanza kucheza ngoma.

#34 mama_pacha
Turudi kwa mleta uzi. Kuna kitu hamjakitaja. Mume wangu aliapa ni gego la JUU linamuua. Akaoneshea kidole, akagonga, akasema ng'oa hili. Daktari hakumsikiliza, akagusa pamba ya baridi jino moja moja. Ilipofika la CHINI upande ule ule, mtu mzima aliruka mpaka taa ikayumba. Neva ya ndani haijui anwani yake. Je, kuna yeyote kati ya hao watatu aliyejaribu na meno mengine, au wote waliamini kidole chako?

#35 GegoLaKushoto
Wote waliamini kidole changu.

#36 Mchokoo
Au ni ufa. Ulisema "ka!", si ndiyo? Jino lenye ufa mara nyingi linauma zaidi unapoachia kuliko unapong'ata. Na kwenye picha ya eksirei huwa hauonekani. Nilizungushwa miezi mitano mpaka daktari mmoja aliponing'atisha kijiti kidogo, pembe moja baada ya nyingine ya jino, nikapiga ukelele nilipoachia.

#37 TabibuKinywa
Mchokoo, leo ndiyo mara ya kwanza tunakubaliana. Na #34 pia. Niliyosema #8 yanasimama tu kama jino tunalolijadili ndilo lenyewe.

#38 HesabuMezani
Ukurasa wa pili sasa tunajadili jino ambalo huenda silo 😂 Mimi bado nashikilia pesa.

#39 GegoLaKushoto
Mrejesho. Nimeenda kwa wa nne, bila dawa yoyote tangu jana yake. Alianza na pamba ya baridi upande wa kulia ili nijue la kawaida linavyokuwa, linashtuka na kukata. Akaja kushoto. La juu kawaida. La mwisho kawaida. Alipofika kwenye lenyewe nilihesabu mpaka thelathini na saba ndipo likaanza kushuka. Kwa hiyo mama_pacha, kidole changu kilikuwa sahihi, mpe pole shemeji.

Kile kijiti nacho nimeng'atishwa. Pembe tatu hakuna kitu. Ya nne, nilipoachia, nilimshika daktari mkono.

Picha inaonyesha ukingo umekatikia juu ya fizi, fundi atafurahi. Ila anasema haahidi kitu. Anataka kutoa kizibo cheusi kwanza, apake rangi, aone ufa unaishia wapi. Ukiishia juu, mzizi na kofia. Ukishuka mpaka sakafu ya jino na kugawa mizizi, ling'olewe. Nikamuuliza, sasa jibu lako ni lipi? Akasema jibu liko chini ya kizibo.

#40 HesabuMezani
Jino moja, madaktari wanne, majibu manne.

#41 NusuGanzi
Huyu angalau kasema hajui. Wamwachie kiti.

#42 FundiWaKofia
Ukiishia juu, mwambie kofia ya chuma. Atakuangalia vibaya, usijali.

#43 GegoLaKushoto
Nimepangiwa Alhamisi saa nne asubuhi. Nitawaletea majibu.

#44 SindanoNaogopa
Mleta uzi? Zimeshapita Alhamisi tatu.

#45 KibogoyoMstaafu
Mwacheni, mdomo bado una ganzi. Halafu wewe, lako lililonyamaza umelipeleka?

#46 SindanoNaogopa
Nimefika mpaka mlangoni.